Mwisho Niliomsomea Mama Neema

Kazi inayonilisha ni ukalimani. Kwa miaka mingi sasa nakaa katikati ya watu wawili wasioelewana, daktari na mgonjwa, karani na mkimbizi, na kuchukua maneno ya huyu nikampa yule bila kuongeza chumvi. Hivyo ndivyo ninavyowaambia vijana ninaowafundisha kazi hii hapa Lilongwe: ukiongeza neno umeiba, na ukipunguza umeiba vilevile. Wananiheshimu kwa maneno hayo, wengine huyaandika kwenye daftari. Nami husimama mbele yao na shati langu lililopigwa pasi, nikijua kwamba mtu wa kwanza niliyemtafsiria kitabu nilimdanganya. Nilimdanganya nikiwa na akili zangu timamu, mchana kweupe, kwa ajili ya kifungo kimoja cha shati.

Neema alinipigia simu Jumatano asubuhi. Nilikuwa hospitali ya Likuni, kwenye benchi nje ya wodi, nikimsubiri daktari. "Tonton Pascal," alisema, maana tangu utotoni huniita mjomba, "mama alituacha jana. Tutazika Jumamosi. Ukuye, tafazali. Kutakuwa bantu ba ku masomo kwenye ninafundisha, Bamalawi, habasikie Kiswahili. Mi nitasoma kintu kidogo na Kingereza, weye utatafsiri." Nikamwambia nitakuja, nikampa pole, nikauliza yale ambayo watu huuliza. Akanijibu vizuri, bila kulia. Kisha akaongeza, "Mama njo alisema ikuwe weye," na simu ikakatika. Nilibaki nimeishika mkononi. Daktari alipotoka ilibidi aniite mara mbili, na siku ile nilifanya kazi vibaya kuliko siku yoyote ninayoikumbuka.

Mwaka ninaoukumbuka ulikuwa mwishoni mwa muongo wa kwanza wa elfu mbili, na kwangu ulikuwa mwaka wa pili Dzaleka, kambi ya wakimbizi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nusu ya masomo ya chuo niliyoyaacha Bukavu, na kichwa kilichovimba kuliko kambi nzima. Kila Jumamosi alasiri tulikuwa tunakusanyika watu watano nyumbani kwa Mama Neema, mshonaji kutoka Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, tukibishana juu ya jambo ambalo mtu wa nje angedhani ni wazimu: nani atapewa ile tuzo kubwa ya fasihi ya dunia, inayotangazwa kila Oktoba huko kwenye nchi za baridi. Hatukuwa na kuni za kutosha, paa lilivuja, kila mmoja alikuwa na barua ya ofisi ya wakimbizi aliyokuwa akiingojea, na sisi tulikaa tukigombea sifa za waandishi ambao hata hawakujua kuna mahali panapoitwa Dowa, wilaya ya kambi yetu. Nikisimulia hivi watu hucheka. Lakini sijawahi, kabla wala baada ya pale, kukaa na watu waliokuwa wakali hivyo kwa ajili ya kitabu.

Aliyetuletea mchezo huo alikuwa Papa Byamungu. Bukavu alikuwa ametunza maktaba ya shule kwa miaka karibu thelathini, na kila mwaka yeye na walimu wenzake walikuwa wakitabiri mshindi katika chumba cha walimu. Wengi wa walimu hao walikuwa wamekufa. Yeye alifika Dzaleka na begi moja, na ndani yake vitabu vinne vya Kifaransa vilivyofungwa kwa kamba ya kiatu. Masharti aliyoyaweka yalikuwa machache. Kila anayetaka alikuwa "anambeba" mwandishi mmoja, yaani anamtetea kama wakili anavyomtetea mtu wake. Huruhusiwi kumbeba mwandishi ambaye hujasoma walau kitabu chake kimoja hadi mwisho, na kitabu hicho lazima uwasomee wenzako kwa Kiswahili, kidogokidogo, Jumamosi kwa Jumamosi, wakiwa wanafanya kazi za mikono. Jumamosi ya mwisho kabla ya tangazo, kila mtu anachukua kifungo kimoja kutoka kwenye kopo la vifungo la Mama Neema na kukitumbukiza kwenye kopo la mwandishi anayemtaka. Anayeshinda ndiye "wa Dzaleka", na kitabu chake hubaki kwenye rafu ya Mama Neema. Shemasi Elie, mkulima kutoka Fizi aliyeacha mashamba makubwa na sasa alilima matuta matatu ya maharage nyuma ya kanisa, aliwahi kutaka kumbeba nabii mmoja wa zamani. Papa Byamungu akamjibu kwa upole kwamba tuzo ile hawapewi marehemu. "Basi ni tuzo mubaya," Elie akasema, na hakubeba tena mtu yeyote, alikuwa anapiga kura tu.

Chumba kile nakiona hata sasa. Cherehani ilikuwa karibu na dirisha, ya kukanyaga kwa mguu, na juu yake zilining'inia gauni za watu zisizomalizika mikono. Redio ilitundikwa kwenye msumari, na waya wake wa antena ulitoka nje kupitia tundu la ukuta. Kulikuwa na benchi moja na viti viwili, na mkeka aliokalia Neema, mtoto wa miaka saba, akichezea vipande vya vitambaa. Wivine, rafiki wa Mama Neema aliyekuwa akishona naye, alikuwa anakaa kizingitini kwa sababu ya mwanga, akipindisha pindo za sketi za shule. Tulikuwa tunakula kabla ya kubishana: bugali, sombe, yaani majani ya muhogo, iliyotwangwa ikalainika kabisa, na wale dagaa wa ziwani ambao Wamalawi huwaita usipa na sisi tuliendelea kuwaita ndagala. Mama Neema alipakua sahani zetu, kisha akapakua moja ya ziada, ya bati, yenye ukingo wa bluu uliobanduka upande mmoja, akaifunika na kuiweka kwenye kona ya meza. Ilikuwa ya Baba Neema. Walipotezana siku ya kukimbia, njiani, katikati ya watu, na tangu hapo hakuna aliyemwona akiwa mzima wala akiwa maiti. Tukimaliza kula, sahani ile ilifunuliwa na chakula chake akapewa Neema. Hakuna aliyewahi kusema neno juu ya jambo hilo. Mimi niliona ni desturi ya huzuni ya watu wa Uvira, na niliona hivyo kwa dharau kidogo, jinsi sisi wa Bukavu tulivyokuwa na tabia ya kuwaona wenzetu wa kule chini.

Papa Byamungu alimbeba mwandishi mmoja tu kwa miaka yote, mshairi mzee ambaye picha yake nyuma ya kitabu ilimwonyesha amevaa kofia. Kwa kuwa majina ya wazungu yalitutesa ulimini, sisi tulimwita Mzee wa Kofia. Mimi nilifika na wangu. Nilikuwa nimekwenda Lilongwe kwa kibali cha siku moja, na kwenye rundo la vitabu vikuukuu sokoni, kando ya mto, nikaokota riwaya ya Kiingereza isiyo na jalada la mbele. Picha ya mwandishi ilikuwa bado ipo nyuma, mwanamke amesimama nje kwenye weupe mtupu, na tukampa jina Mama wa Theluji. Katika watu watano wa chumba kile, mimi peke yangu nilijua Kiingereza. Papa Byamungu alikuwa na Kifaransa cha kumshinda padri, lakini Kiingereza kilimpita. Hilo lilinifurahisha kuliko inavyofaa. Aliwahi kuniambia mbele ya wote, nilipotamka vibaya neno moja la Kifaransa, "Pascal, we ulisoma paka fotokopi za bitabu," yaani nilisoma nakala tu, si vitabu vyenyewe, na kila mtu alicheka, hata mtoto. Alisema kwa mzaha. Mimi nililiweka moyoni neno lile mwaka mzima, nikangoja.

Basi nikawasomea. Jumamosi sita mfululizo nilikaa na kitabu kile magotini, jicho kwenye Kiingereza na mdomo kwenye Kiswahili, na nilikuwa hodari, hilo silikani. Kilikuwa kisa cha mwanamke katika kijiji cha baridi. Mume wake alikwenda kukata miti mbali, msimu ukaisha, wenzake wakarudi, yeye hakurudi. Mwanamke akawa anamwekea sahani yake mezani kila siku. Nilipoifikia sahani mara ya kwanza nilisita, nikamtazama Mama Neema. Mguu wake ulisimama kwenye cherehani. Wivine aliacha sindano. "Endelea," Mama Neema akasema. Kuanzia Jumamosi ile hakuwa akikanyaga cherehani nikisoma. Alikuwa anakaa amekunja mikono, na nikifunga kitabu aliniuliza maswali juu ya yule mwanamke kama mtu anayeulizia habari za jirani: anakula nini, ndugu za mume wanamtendea vipi, kwa nini hafugi hata kuku. Elie naye aliuliza kwa nini hawasali. Papa Byamungu alisikiliza amefumba macho, na siku moja akasema, bila kinyongo chochote, "Ule mama anajua kuandika." Mtu mwenye moyo mzuri angetosheka na hilo.

Siku zilezile barua ilifika kwa Mama Neema. Niliisoma mimi, kwa kuwa ilikuwa ya Kiingereza. Ofisi ilimwita Jumatatu ya wiki ya tangazo, kwa usaili wa kuhamishiwa nchi ya tatu, yeye na Neema, watu wawili. Karani alikuwa amemweleza kwa mdomo kwamba faili iko karibu kukamilika, kilichobaki ni yeye kutia saini kwamba mumewe hajulikani alipo na kwamba anakubali kuondoka bila yeye. Watu Dzaleka walikesha miaka wakiomba barua ya namna hiyo. Mama Neema aliikunja, akaiweka chini ya cherehani, karibu na mguu wake. "Nikitia saini, njo kusema alikufa," aliniambia. Nikamjibu kwamba saini si kaburi. Nilijisikia nimesema jambo la maana sana. "Sijue, Pascal. Sijue hata kidogo," alisema, na akarudi kwenye kazi yake. Kwa hiyo nilijua. Naandika hili waziwazi kwa sababu kwa miaka mingi nilijaribu kujiambia kwamba sikujua.

Ijumaa, nikiwa kwenye foleni ya maji bombani, nilizisoma kurasa za mwisho peke yangu, kwa mara ya kwanza, maana lile sharti la kumaliza kitabu kwanza nilikuwa nimelivunja kimyakimya. Mume harudi. Hakuna habari yake, hakuna maiti, hakuna barua. Siku moja ya kawaida, theluji ikianza kuyeyuka, mwanamke anapika kama siku zote, anaitazama ile sahani ya pili, anaichukua, anaifuta kwa upindo wa nguo yake na kuirudisha kabatini. Kisha anakaa na kula chakula chake kikiwa cha moto. Basi. Nilisimama pale na ndoo yangu, mwanamke nyuma yangu akanisukuma akisema foleni inasonga, na nikafikiri, huu ni mwisho mzuri kuliko wowote niliousoma. Nikafikiri pia, papo hapo, kwamba kwa mwisho huu nitashindwa.

Jumamosi ya kura kulikuwa na joto lile la Oktoba ambalo hata nzi wanachoka. Tulikula. Papa Byamungu akasimama, ingawa haikuwa lazima kusimama, akamtetea Mzee wake wa Kofia. Alitusomea shairi moja kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili chake cha Bukavu, juu ya mtu ambaye nyumba yake imeungua na bado anatembea na ufunguo mfukoni. Alipomaliza Elie alikuwa anajifuta macho kwa kiganja, na tulijua kifungo chake kimekwenda. Wivine alikuwa upande wangu tangu mwanzo. Wawili kwa wawili. Kifungo kilichobaki kilikuwa cha Mama Neema, naye alikuwa amekishika tayari, cheupe, cha shati la mwanamume, akikizungusha kati ya vidole. Nilifungua kitabu. Kabla sijaanza, alinyoosha mkono. "Ngoja kwanza. Niambie. Ule bwana anarudia?" Nikasema tusome tu tutaona. "Hapana," akasema. "Mi siwezi tia kifungo yangu kwa kitabu yenye mwanamuke anangojaka bure. Kama anangojaka bure, nitatia kwa Papa." Papa Byamungu akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mzee anayependa mjadala, sasa najua. Siku ile nililiona ni la mtu anayesema fotokopi.

Nikaweka kidole changu chini ya mstari wa kwanza wa ukurasa na kuanza. Nilisoma kweli hadi mwanamke anapoitazama sahani. Hapo kidole kiliendelea kwenda, mstari kwa mstari, taratibu, mwendo wa mtu anayesoma, na mdomo wangu ukasema mengine. Nikasema mlango uligongwa. Nikasema mwanamke aliinuka, miguu ikakataa, mlango ukagongwa tena. Nikasema alikuwa yeye, amekonda, ndevu zimejaa, akauliza kama kuna chakula, na mwanamke akamwambia kipo, kimekungoja. Nilifika chini ya ukurasa nikaufungua mwingine, ambao haukuwa na chochote isipokuwa jina la mpiga chapa, na juu ya jina lile la mpiga chapa nikawakalisha mezani mume na mke wakala pamoja. Nilipofunga kitabu, Wivine alipiga vigelegele. Elie akasema amina. Mama Neema aliinuka. Alilia kidogo, akaja mezani, akatumbukiza kifungo kwenye kopo langu, na mlio wake kwenye bati nausikia mpaka leo. Papa Byamungu alinipa mkono. "Umeshinda vizuri," alisema. "Ni mwisho yenye sikuikuwa ninangojea. Mi ningeona harudie. Lakini bon, mwandishi njo anajua." Nilimtazama machoni nikasema merci.

Siku iliyofuata, watu walipotoka kanisani, Mama Neema alinifuata hadi kwenye kona ya uzio. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Jumapili na amemshika Neema mkono. Uso wake ulikuwa umetulia kuliko nilivyowahi kuuona. "Kesho nitaenda ku ofisi," alisema. "Nitabaambia bangoje. Sitatia saini. Kama ule alirudia ku theluji, kutoka mbali vile, Baba Neema naye anaweza kurudia. Tuko karibu, sisi. Ni Tanganyika tu." Nafasi ilikuwa hapo. Ilikuwa Jumapili saa tano, jua liko juu, hakuna aliyekuwa karibu isipokuwa mtoto. Ingetosha kusema: mama, nilikosea, nilibadilisha, nisamehe. Nilifikiri jinsi Elie atakavyosema, jinsi Papa Byamungu atakavyonitazama, kitabu kitakavyotolewa kwenye rafu. "Ni wewe unajua, mama," nikamjibu. Akaniambia zikomo, asante ya Wamalawi, kwa mzaha, kama tulivyozoea kuwaiga wenyeji, na wakaenda zao.

Jumatatu aliwaambia wangoje. Alhamisi, saa saba mchana, tulikaa watano chini ya redio, Elie ameshika waya wa antena kwa nje ili sauti isikatike. Jina lililotajwa halikuwa la Mama wa Theluji wala la Mzee wa Kofia. Lilikuwa jina ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kulisikia, na Papa Byamungu alicheka mpaka akakohoa, akasema huo ndio utamu wake, kila mwaka wanatukumbusha kwamba hatujasoma kitu. Kila mtu alicheka. Mama Neema alinipigapiga begani kunipoza, eti mtu wangu ameonewa. Kisha miezi ikapita. Ofisi ikamwambia nafasi za msafara ule zimejaa, atulie, ataitwa. Hakuitwa. Papa Byamungu alifariki miaka miwili baadaye, Mzee wake wa Kofia bado hajapewa kitu, na alikufa akiamini nilimshinda kwa haki.

Najua watu watasema mwanamke mzima haachi safari kwa sababu ya riwaya. Nimejisemea hivyo mara nyingi, hasa nikiwa nimelala chali nyumbani kwangu Kauma, mtaa wa Lilongwe nilipohamia baada ya kupata kazi. Pengine angekataa kutia saini hata bila mimi. Pengine. Lakini alikuwa anaelea kati ya ndiyo na hapana, na mimi nilimsukuma upande mmoja, na nilimsukuma ili nimshinde mzee aliyenitania. Hakuna namna ya kulisema hilo likapendeza.

Niliendelea kwenda Dzaleka kwa Mama Neema kila Oktoba. Njiani nilikuwa nashuka Lumbadzi kununua sukari na sabuni ya kumpelekea, kama kwamba sabuni ingefaa kitu, kisha napanda gari lingine. Baada ya Papa Byamungu kufa hatukupiga kura tena, tulikula na kusikiliza redio tu. Na kila Oktoba, baada ya chakula, Mama Neema alikuwa ananiambia, "Pascal, nisomee tena ule mwisho." Nilikuwa nakitoa kitabu rafuni, naweka kidole, nasoma mlango ukigongwa. Kwa kuwa sikuweza kukumbuka sawasawa niliyoyatunga, kila mwaka yalibadilika. Mwaka mmoja mume alirudi na mfuko wa chumvi, mwaka mwingine na viatu vya mkewe. Hakunisahihisha hata mara moja. Nilisahau jambo ambalo hata mpumbavu analijua, kwamba mtoto wa mkekani anakua, anakwenda shule za Malawi, anafundishwa kwa Kiingereza, na kitabu kipo rafuni pale anapofanyia kazi zake za nyumbani. Oktoba moja, Neema akiwa kidato cha pili, nilifika nikala, nikaona kona ya meza iko tupu. Ile sahani ya bluu haikuwapo. Nilidhani imetoboka. Mama Neema alinitazama nikiitazama kona ile, akangoja kidogo, halafu akasema kama kawaida, "Nisomee ule mwisho." Nikasoma. Mwaka ule nilimleta mume na mbuzi.

Jumamosi ya mazishi nilifika saa nne. Tulirudi kutoka makaburini mchana, watu wakakaa uani kwa Mama Neema kwenye mabenchi ya kanisa, Wamalawi wa shule ya Neema upande mmoja, wetu upande mwingine. Wivine alikuwepo, miwani minene, magoti yamekufa. Elie alikuwa ameshakuwa mchungaji, mvi kichwa kizima. Neema alisimama mbele, nami nikasimama kando yake mahali pa mkalimani. Alikuwa na kitu kimefungwa kwa kitambaa cha kushonea. Alikifungua, nikakijua kabla hajamaliza, kile kitabu kisicho na jalada. Aliinama sikioni kwangu, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Nilimusomeaka mama nikiwa form two. Yote. Alilia siku moja, kisha akaondosha sahani ku meza. Akaniambia, usimuambie Pascal kintu. Atasema yeye mwenyewe, Oktoba itafika." Akanyanyuka, akafungua ukurasa wa mwisho, akaanza kusoma kwa Kiingereza chake kizuri cha Malawi, sentensi moja moja, akisimama kunipa nafasi.

Nilitafsiri. Kwa mara ya kwanza katika uga ule sikuongeza wala kupunguza. Nikasema theluji ilianza kuyeyuka. Nikasema mwanamke alipika kama siku zote. Nikasema aliichukua sahani ya pili, akaifuta kwa upindo wa nguo yake, akairudisha kabatini, akakaa, akala chakula chake kikiwa cha moto. Neema alifunga kitabu. Upande wa Wamalawi watu walitikisa vichwa kwa heshima. Upande wetu Wivine alisema kwa nguvu, kama wasemavyo watu wasiosikia vizuri, "Lakini Pascal, bwana alirudia! We njo ulitusomea. Alirudia." Elie alikuwa ananitazama. Ningeweza kusema Neema ameruka ukurasa, na jibu hilo lilinijia mdomoni lenyewe, jepesi, tayari limevaa nguo. "Hakurudi, mama," nikasema. "Hajawahi kurudi. Nilibadilisha mimi, nipate kifungo cha Mama Neema." Wivine alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Elie aliinamisha kichwa. Sikulia, kwa sababu nilihisi sina haki ya kulia pale.

Chakula kilipoanza kugawiwa nilijiondoa kuelekea njia ya kabaza, zile baiskeli za abiria, nikitafuta moja ya kunipeleka barabarani kabla watu hawajanizunguka. Neema alinikuta karibu na uzio. Alikuwa amebeba sahani ya bati iliyojaa bugali na sombe, mvuke unatoka. Ukingo wake ulikuwa wa bluu, umebanduka upande mmoja.

"Kula, tonton," alisema. "Mama alisema, siku Pascal atasoma muzuri, asirudie Lilongwe na njaa."

Alisimama pale akinitazama mpaka nikaketi chini na kuanza kula.